Daftari la Mibuyu Mitano

Palikuwa na mji wa wanyama uliojengwa ndani ya mibuyu mitano. Kila mbuyu ulikuwa na mapango mengi, na katika kila pango aliishi mpangaji na watoto wake. Ajabu ya mji ule ni kwamba hakuna mpangaji aliyejua kuwa ana majirani. Digidigi akiamka aliona mlango wake, mtungi wake na ghala lake, akaapa kwamba mbuyu mzima ni mali yake. Kicheche wa pango la juu aliapa vivyo hivyo. Maji yalitoka kwenye shina moja, lakini yaligawanywa kwa uangalifu hata kila mmoja akajiona tajiri.

Aliyewapanga alikuwa msimamizi wa mji, mwenye baraza lake nje ya mibuyu. Mbuyu mmoja ukielemewa, msimamizi alimbeba mpangaji usiku, pamoja na kitanda, chungu kilicho jikoni na ndoto aliyokuwa akiiota, akamweka mbuyu wa pili bila kumwamsha. Kazi kama hiyo haifanywi kwa kukumbuka kichwani. Inataka daftari.

Daftari lile lilikuja bure pamoja na baraza. Lilikuwa dogo, limepimwa kwa mibuyu 5 na wapangaji 50. Miaka ikapita, mibuyu ikawa minane, wapangaji wakazidi mia, jina la mji, Mibuyu Mitano, likabaki lile lile na daftari likabaki lile lile. Mwandishi wake alikuwa Karani Kasuku, naye aliandika kila alichosikia. Nguchiro ameingia. Nguchiro ametoka. Nguchiro amegonga, amekosea neno la siri. Mlango umelia kwa upepo, upepo umetulia, mlango umenyamaza. Hakufuta hata mstari mmoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia afute. Sina ugomvi na anayeandika. Ugomvi wangu ni na mji uliomwachia ndege mmoja daftari zima, usimuulize hata siku moja limebakiza kurasa ngapi.

Ikafika habari kutoka ng'ambo ya mto kwamba mabaraza ya mtindo wa Kasuku hayatatengenezwa tena. Anayetaka msaada aajiri karani wa kizazi kipya. Jumbe Kiboko, kiongozi wa mji, akamwita Karani Mnana, fundi wa kusuka, ambaye daftari lake lilikuwa na nafasi nyingi na sharti kali: namba moja, mpangaji mmoja. Kazi ya kuhamisha maandishi akapewa kijana Ngedere.

"Jumbe," akasema Ngedere, "kwanza ninakili daftari lote la zamani, nakala niiweke mbuyu wa nane."

"Karatasi ni ghali," akajibu Kiboko, "na nimeshawatangazia watu kwamba Mnana anaanza kesho alfajiri."

Ngedere hakuondoka barazani. Alisimama pale, akaomba tena mbele ya wazee, akaomba na mara ya tatu, mpaka Jumbe akampa karatasi ili amwondoe machoni pake. Akanakili. Jua lilipozama, Mnana akafungua daftari la Kasuku na kuanza kulihamisha.

Saa saba usiku akaweka kalamu chini. "Imeshindikana," akasema, na zaidi ya hapo hakusema neno.

Fisi, ambaye hakuwa na kazi pale ila alikuwa na sauti, akapaza: "Anza upya!" Wakaanza upya. Safari hii Mnana alisimama mapema zaidi na kusema jambo jingine kabisa: "Ukurasa huu umekwisha andikwa." Ilikuwa kweli, maana nusu ya kurasa zilikuwa zimeshageuzwa na jaribio la kwanza. Hapa ndipo mafundi wengi hupotelea. Kosa la pili lilizaliwa na jaribio la pili, likalala juu ya kosa la kwanza na kulifunika, na tangu hapo baraza zima likawa linapigana na kosa ambalo saa moja kabla halikuwapo. Mmoja akasema Mnana hajui kusoma. Mwingine akasema ng'ambo ya mto wametuuzia daftari bovu. Fisi akaona kitabu kimenenepa katikati, akachana kurasa kwa kiganja ili kipumue. Kurasa alizochana zilikuwa na majina ya mapango.

Na mjini? Mjini wapangaji walilala. Maji yalipita kama kawaida, maana mibuyu haikuwa ikimwomba karani ruhusa ya kutoa maji. Alfajiri upepo ulivunja tawi kubwa la mbuyu wa tatu, na waliokuwa katika tawi hilo wakapokewa na mibuyu jirani kwa mapatano ambayo mibuyu yenyewe iliyashika. Kilichokufa ni upangaji: Paa alikuja kuomba pango kwa ajili ya mama yake, hakupata, mbuyu wa pili ulielemewa, na hakukuwa na wa kuupunguzia mzigo.

Msomaji anayelala na simu ya zamu kando ya mto wa kulalia ameshautambua mji huu. Mibuyu ni seva zenye ESXi, wapangaji ni mashine pepe, na msimamizi ni vCenter Server ya VMware, iliyoanza mwaka 2003 kwa jina la VirtualCenter na kuja na vMotion, ule uwezo wa kuhamisha mashine pepe huku ikiendelea na kazi. vCenter ikianguka, mashine pepe hazianguki nayo. Hata ulinzi wa HA, yale mapatano ya mibuyu ya kupokea waliovunjikiwa tawi, ukishawekwa, huendelea, kwa kuwa mawakala wake wanaishi ndani ya seva zenyewe. Kinachosimama ni vMotion, ugawaji wa mzigo na uundaji wa mashine mpya kupitia msimamizi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona hofu ikiharibu zaidi ya hitilafu. Fundi anayejua kwamba wateja wake bado wanahudumiwa ana muda wa kusoma. Asiyejua huanza kuchana kurasa.

Daftari ni hifadhidata ya vCenter, na kuhama kwake nako si hadithi. Mwaka 2010 toleo la 4.1 lilikataa Windows ya biti 32 na kutaka biti 64, hivyo waliokuwa na ya biti 32 wakalazimika kuhamia seva nyingine na hifadhidata yao begani. Mwaka 2015 toleo la 6.0 liliiacha SQL Server Express iliyokuwa ikija ndani ya kifurushi na kuweka PostgreSQL mahali pake. Mwaka 2020 toleo la 7.0 likaachana na Windows kabisa. Express ile ilikuwa ndiyo daftari la bure: ilishauriwa kwa seva zisizozidi 5 na mashine pepe 50, na ilikuwa na ukomo wa ukubwa, GB 4 kwa toleo la 2005 na GB 10 kwa la 2008 R2. Ndani yake majedwali ya matukio, VPX_EVENT na mwenzake VPX_EVENT_ARG, hunenepa kimya kimya. Kila anayeingia, kila anayekosea nywila, kila tahadhari inayowaka na kuzimika, yote huandikwa humo. Siku ya kupandisha toleo, programu inapotaka kubadilisha umbo la majedwali, inahitaji nafasi ya kugeukia, na nafasi haipo.

Turudi barazani. Wazee walimwita Bibi Kakakuona. Alipoonekana njiani wakafanya kama watu wafanyavyo wakimwona: wakamwekea mbele unga, maji na mkuki, wapate kujua kwa ishara yake kama mwaka ni wa neema, wa mvua au wa vita. Bibi akavipita vyote vitatu.

"Shikamoo, Bibi," akasema Ngedere.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nieleze mlichofanya tangu jana jioni, kwa mpangilio wake. Mnachokidhani nitakuuliza baadaye."

Ngedere akaeleza, na hakuficha jaribio la pili. Bibi akauliza ni nani aliyechana kurasa. Fisi akatazama pembeni, na Bibi hakumfuatilia. Alichotaka kujua ni kurasa zipi. Kisha akauliza kama kuna nakala. Ngedere akapanda mbuyu wa nane na kushuka nayo. Jumbe Kiboko aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu.

"Daftari hili lililochanwa liwekwe kando, lisiguswe," akasema Bibi. "Tutafanya kazi kwa nakala ya nakala. Na Karani Kasuku, naomba uache kuandika mpaka nikuambie."

Halafu akafanya kazi ambayo kwa mtazamaji haina utamu wowote. Mnana alikuwa akijiandikia pembeni kila alichofanya usiku ule, mstari kwa mstari, na hakuna aliyeomba kuiona karatasi hiyo. Wote walikuwa wameshikilia neno la mwisho, "Imeshindikana." Bibi alianza na mstari wa kwanza. Akasoma kwa mwendo wake, pua karibu na wino, akapita mamia ya mistari isiyo na tatizo. Karibu na katikati akakuta maneno madogo: *nafasi imekwisha, siwezi kupanua jedwali la matukio.* Baada ya mstari huo, kila kilichofuata kilikuwa mtoto wake.

"Mnana anajua kusoma," akasema. "Ameambiwa ahamishe milango yote iliyowahi kulia."

Naheshimu sana kazi ya namna hii, na naona haiheshimiwi vya kutosha. Kwenye kampuni na taasisi zetu husifiwa anayepiga simu nyingi na kukimbia ukumbini, na yule aliyekaa saa nne na faili la kumbukumbu za mfumo huonekana kana kwamba hafanyi kitu. Lakini jawabu huwa humo. Programu ilisema ukweli saa saba usiku, haikupata msikilizaji.

Bibi akakaa na Kasuku, wakapitia nakala pamoja. Aliyeandika ndiye aliyejua kipi ni kelele na kipi ni urithi. Matukio ya zamani yakatolewa kwa makundi madogo, si kwa kiganja, na baada ya kila kundi wakahakikisha majina ya mapango hayajaguswa. Daftari likapungua hadi likafungika. Mnana akaanza mara ya tatu, kwenye daftari jipya lisilo na mabaki ya majaribio yaliyopita.

Akapita pale aliposhindwa. Akaenda mbele, kisha akasimama tena: "Namba 27 ina wapangaji wawili."

Barazani wakaguna. Bibi akafurahi, maana hili lilikuwa kosa jipya la kweli, lililokuwa limejificha nyuma ya lile la kwanza. Kwa mwandiko wa Kasuku, Digidigi alikuwa mbuyu wa tatu, na Digidigi huyo huyo alikuwa mbuyu wa sita.

"Futa mmoja, tumalize," akasema Jumbe.

"Yupi, Jumbe?"

Kiboko akakosa la kusema. Bibi akamtuma Ngedere akaitazame mibuyu yenyewe, maana daftari haliwezi kujitolea ushahidi. Ngedere akarudi mbio: Digidigi yuko mbuyu wa tatu na wanawe. Pango la mbuyu wa sita lina popo. Digidigi aliwahi kutolewa huko zamani na kusajiliwa upya, na mstari wa kwanza haukufutwa. Ngedere akaongeza jambo ambalo hakutumwa: kuna mstari wa Kanga katika mbuyu wa kumi, na mji haujawahi kuwa na mbuyu wa kumi.

"Huo nao ni yatima," akasema Bibi. "Umefanya vizuri kuutafuta."

Wakarudi kwenye nakala safi, wakaondoa mistari miwili, wakaandika pembeni wameondoa nini, kwa sababu gani na nani alikwenda kuhakikisha. Mnana akaanza mara ya nne. Alasiri akaweka kalamu chini na kusema, "Imekamilika." Fisi akashangilia kuliko wote.

Bibi hakuinuka. Akaagiza wapangaji wahesabiwe mbuyu kwa mbuyu na hesabu ilinganishwe na daftari jipya. Akaagiza Paa apewe pango la mama yake, aone kama kweli baraza linaweza kupanga. Akaagiza mpangaji mmoja wa mbuyu wa pili ahamishwe na kurudishwa. Vyote vilipokubali ndipo akaomba maji yale waliyomwekea njiani asubuhi.

"Sasa niambie, Bibi," akasema Jumbe Kiboko, "nimwadhibu nani? Kasuku?"

"Kasuku hakupewa kikomo. Mpe leo. Na ukitaka kutumia ukali wako, Jumbe, utumie kwa yule aliyesema karatasi ni ghali."

Kiboko alizama kidogo ndani ya shingo yake, kisha akatoka na kumwita mpiga mbiu mwenyewe. Mbiu ikapigwa kabla ya magharibi. Kasuku na Mnana watafanya kazi pamoja, na kila siku 30 watapunguza matukio ya kale. Nakala ya daftari itakaa mbuyu tofauti na baraza, na mara kwa mara itafunguliwa na kurudishwa kwa majaribio, ijulikane kama inasomeka. Karani yeyote mpya atahamisha nakala kwanza, na daftari lenyewe halitaguswa mpaka zoezi hilo lifaulu. Ngedere akapewa kuongoza zoezi la kwanza, Jumamosi inayofuata, na Jumbe akamuuliza mbele ya wote anahitaji karatasi kiasi gani.