Shilingi ya Wapi?

Mkungu wa ndizi ulikuwa begani, pikipiki ya bodaboda imesimamishwa mbele yake kuziba njia, na nyuma anakuja mama muuzaji akipiga ukelele ambao hakuna mtu wilayani Tarime angependa kuusikia ukimhusu: "Mwizi!"

Mgeni huyo alikuwa ameuliza bei kwa adabu zote. "Mama, shikamoo. Mkungu huu shilingi ngapi?" Akaitikiwa, akajibiwa: "Mia tano, mwanangu." Hakuomba kupunguziwa. Alichomoa sarafu ya mia tano, ile yenye picha ya nyati, akaiacha juu ya gunia, akajitwisha mzigo na kuondoka kwa hatua za mtu anayeomba muuzaji asizinduke. Kwa nafsi yake alishapanga kumpigia mkewe simu amweleze kwamba huku Susuni ndizi ni za bure.

Lakini soko liko mpakani, na mia tano aliyoitaja mama ilikuwa ya Kenya. Kwa fedha ya Tanzania ni kati ya elfu nane na elfu kumi, kutegemea shilingi imeamkaje siku hiyo.

Watu walijaa. Sarafu ya nyati ilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akiigeuza upande wa Karume na upande wa mnyama kana kwamba huenda ikapatikana elfu tisa ubavuni mwake. "Mura," mzee mmoja alisema, akimhurumia kwa namna iliyouma kuliko matusi, "hata majani yake huwezi kuyapata kwa hii." Kisha akaitwa mtoto wa shule, daftari bado mkononi, aagizwe kumsaidia mgeni. "Mia tano mara kumi na tisa?" Mtoto hata hakutazama juu. "Elfu tisa na mia tano." Mgeni alikuwa bado anatafuta kikokotoo kwenye simu.

Alilipa. Hakuna aliyempiga, na hilo lisichukuliwe kuwa jambo dogo.

Lakini kosa ni la nani hasa? Neno lenyewe lina historia ya kumchanganya hata mhasibu. Shilingi ni neno lililotoka Kiingereza. Ilikuja kutumika Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1921, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, baada ya rupia kuondolewa na florini kujaribiwa kwa muda mfupi. Kwa miaka 45 shilingi ya Tarime na ya ng'ambo ya mpaka wa Sirari ilikuwa moja. Mkurya aliyegawanywa na mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora mwaka 1886, kutoka Umba hadi Ziwa Victoria, angalau hakugawanywa mfukoni. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa yake: Tanzania tarehe 14 Juni, Uganda Agosti, Kenya tarehe 14 Septemba. Zilianza zikiwa na thamani sawa. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, na shilingi ndugu zikaachana njia hadi moja ya Kenya ikawa karibu ishirini za Tanzania. Jina halikubadilika. Waingereza wenyewe, wenye neno, waliiacha shilingi mwaka 1971 walipoingia kwenye mfumo wa desimali, wakatuachia sisi, Wakenya, Waganda na Wasomali tuitunze.

Tena tumeitunza kwa majina mengi. Ng'ambo ya mpaka shilingi ni "bob", jina la utani la Waingereza wale wale; ishirini ni "mbao", mia ni "soo", elfu ni "thao" au "ngiri". Noti ya mia tano iliwahi kuitwa "Jirongo", kwa mwanasiasa Cyrus Jirongo na fedha zilizomwagwa kwenye kampeni za mwaka 1992. Upande huu mia tano ni "jero", elfu ni "buku", na noti nyekundu ya elfu kumi ni "msimbazi", kwa rangi ya klabu ya Simba na mtaa wao. Sarafu ya shilingi tano iliitwa "dala", ikazaa daladala, kisha yenyewe ikafa. Halafu pesa imetoka India, na hela imetoka kwa heller ya Mjerumani, ambayo mwaka 1916, vita vikiwa vimeziba bahari, ilifyatuliwa Tabora kwa shaba. Anayedhani Kiswahili kina uhaba wa msamiati hajawahi kudaiwa.

Siku iliyofuata mgeni aliombwa ngiri, akaanza kusimulia aliowaona Serengeti. Jioni yake alimpa mtoto sarafu ya Kenya ya ishirini akidhani ni takataka. Ni shilingi mia nne hivi.

Kicheko kinaishia hapo, kwa sababu mgeni atarudi kwao. Mama wa ndizi anabaki na kiwango cha kubadilishia anachopangiwa na mnunuzi wa jumla, ambaye amekiona kwenye simu asubuhi na kukipunguza kidogo kabla ya kukitaja. Mwaka 2019 Kenya ilitoa miezi minne tu, kuanzia Juni mosi, kuiondoa noti ya zamani ya elfu moja. Aliyeificha chini ya godoro upande huu alikuwa na mpaka wa kuvuka. Machi 2025 Tanzania ikatoa kanuni za kupiga marufuku kutangaza bei au kulipa kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo kisheria mkungu ule ulikuwa na matatizo kabla mgeni hajaushika. Na sarafu moja ya Afrika Mashariki, ambayo itifaki yake ilitiwa saini Kampala Novemba 2013 na ambayo iliahidiwa ifikapo 2024, imesogezwa hadi 2031.

Hadi hiyo 2031 itakapofika, kama itafika, halmashauri haihitaji mkopo wala semina. Inahitaji ubao mmoja mweusi na chaki katika kila soko la mpakani, kiwango cha siku kiandikwe saa moja asubuhi, kwa herufi kubwa, mama asome kabla ya mnunuzi hajafungua mdomo. Waheshimiwa madiwani, ubao tu.