Nyuma Kushoto

Ndugu yangu mwenye mke, watoto, mkwe na gari kuukuu, wewe utanielewa. Wengine na wapite salama.

Noah yetu imeingia mvumo. Haivumi Mlandege, hapana. Mlandege itavumia wapi? Ukitoka mlangoni kwetu unakutana na mkokoteni wa machungwa, vespa iliyobeba ukoo mzima, na mama anayechagua khanga katikati ya njia kana kwamba barabara ni yake ya urithi. Mshale wa spidi pale haupandi 20. Ndiyo maana kila nikimpelekea fundi, huizungusha mtaa mmoja, akanirudishia ufunguo: "Mbona nzima, bosi?" Ugonjwa wenyewe husubiri tupite Tunguu, njia iwe nyeupe, tufike 60. Hapo chini ya sakafu unaanza, mmmm, na ukikanyaga mafuta nao unapanda.

Kwetu gari ikiugua, kila mtu daktari. Mke wangu, ambaye kimoyomoyo namwita Bi Hazina kwa sababu shilingi ya nyumba hii haitoki bila kuhojiwa, alisema ni upepo kwenye keria ya juu. "Nilikwambia uivue, Baba Munira." Keria yenyewe niliifunga kwa ajili ya kitanda cha samadari cha mama yake, kilichotoka Makunduchi kwa heshima zote na kufika Mlandege kikakataa kupita mlangoni. Mpaka leo kimefunguliwa vipande, miguu yake imesimama nyuma ya mlango wa chumba changu, na mie nikiamka alfajiri kwenda kutia udhu hujikwaa palepale. Nikaivua keria. Mvumo ukabaki.

Shemeji yangu tunamwita Mdubai. Alikwenda Dubai kutembea, akarudi na miwani ya jua na ujuzi wa magari. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akatoa hukumu: "Difu ya nyuma hii." Yakhe, Noah yetu inavutwa na magurudumu ya mbele. Difu ya nyuma haina! Nilipomwambia, akavaa miwani.

Mama mkwe ndiye peke yake aliyeshikilia kwamba hakuna sauti yoyote. Yeye ni Bi Sheha, maana hapiti mgeni wala sufuria nyumbani bila idhini yake. Na kweli, angeisikiaje? Gari ikipata kasi tu, keshalala.

Basi nikashika kazi mwenyewe, na binti yangu Munira, tunayemwita Karani, akakaa mbele na daftari lake la skuli. Tulipofika 80 nikatia nyutro. Injini ikashuka ikanyamaza, mvumo ukaendelea vilevile. Hapo injini ikatoka kwenye kesi. Tairi nazo zina tabia: zikilika mawimbimawimbi, huvuma utadhani beringi. Nikazihamisha, za nyuma mbele na za mbele nyuma. Zingekuwa zenyewe, sauti ingehama nazo. Haikuhama. Mwisho, penye njia tupu iliyonyooka, nikaipinda gari kidogo kulia, ikalemea kushoto, mvumo ukapanda. Nikaipinda kushoto, ukatulia. Karani akaandika.

Wenye gari za kisiwani wanaijua habari hii. Beringi ni gololi ndani ya ringi za chuma, zimelazwa kwenye grisi, na mpira pembeni wa kuzuia maji. Masika ikija, ukalazimika kuogelesha gari kwenye madimbwi ya mjini, na mpira nao umechoka, maji huingia, grisi ikatoka, kutu ikala chuma. Njia ya gololi ikishapata vishimo, gurudumu likienda kasi linavuma. Na uzito ukilemea upande ule, linavuma zaidi.

Sasa tazama nilivyoponzwa na elimu. Jioni moja tuko kwenye chai na mkate wa ufuta, Karani akafungua daftari bila kuombwa, akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari: "Bibi akiwepo: mvumo mkubwa. Bibi akibaki nyumbani: mvumo mdogo."

Kiti cha Bi Sheha, lazima nikwambie, ni nyuma kushoto. Na Bi Sheha, Mungu amzidishie, si mwepesi.

Bi Hazina alinitazama kana kwamba imla ile nimeisoma mie. Mdubai, badala ya kunywa chai yake, akajitia busara: "Mama, safari ijayo si ukae kulia, tulinganishe?"

"Kwa hivyo mie ndiye ninayevunja gari?"

Hakujibu mtu. Hata kijiko hakikulia.

Fundi alipoipandisha jeki, hakuhitaji kwenda mbio wala kupima watu. Alizungusha gurudumu la nyuma kushoto kwa mkono mmoja, wa pili kaushika kwenye springi. "Shika hapa, bosi." Chuma kilikuwa kinatetemeka. La kulia lilizunguka laini. Akasema ingeachwa, gurudumu lingeanza kucheza, na hapo si suala la kelele tena. Zikatoka pesa tulizoweka za mapazia, beringi ikabadilishwa. Bi Hazina alizihesabu mbele yangu bila kusema neno, na afadhali angesema.

Ijumaa tukaenda Paje, gari kimya. Tukapita Tunguu. Nikatazama kwenye kioo: Bi Sheha macho makavu.

"Mkwe wangu, huyo wa mbele anafunga breki."

"Naam, mama."

"Na hilo tuta hukuliona?"

Tulikuwa Jozani, kwenye matuta yaliyowekwa ili kima punju wavuke salama. Kima mmoja alikaa pembezoni akitutazama, na Bi Sheha akanionya juu yake pia. Kisha akanionya juu ya baiskeli, mbuzi, na daladala iliyokuwa bado kule mbali. Siku zote hizi mvumo ulikuwa unambembeleza!

Bi Hazina akanisogelea, akaninong'oneza: "Ile beringi kuukuu, fundi kaitupa?"

"Nakusikieni!" ikaja sauti kutoka nyuma kushoto.

Karani akafungua daftari. "Bibi, niandike?"