Ngeli za Fleti za Mji Mkongwe

Wanaisimu wameshughulika sana na ngeli za nomino, wakaziacha ngeli za fleti mikononi mwa madalali. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo. Uwanda wa utafiti ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Data ilikusanywa pale binamu yangu wa Muscat aliponituma nimtafutie fleti ya kifahari, samani zote ndani, ya wiki mbili.

Tangazo huanza na A-WA, ngeli ya viumbe wenye uhai, ingawa wanaotajwa ni marehemu. Humu wamo masultani wasiopungua watatu, na Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara na ambaye, kwa hesabu ya madalali, alilelewa katika kila nyumba ya Shangani. Walio hai kweli, yaani popo wa darini na paka wa ngazini, hawatajwi.

Ngeli ya I-ZI ina bei, kodi, bili na dola, nomino ambazo umbo lake halibadiliki. Anayebadilika ni mpangaji. Ngeli ya YA-YA ina maji, ambayo hayana umoja. Ghorofa ya tatu, pampu ikizimika, hayana wingi pia.

Wengi hufelishwa na ngeli ya mahali. PA ni ya mahali dhahiri, KU ya mahali pasipo dhahiri, MU ya ndani. Tangazo lilisema mbele ya dirisha pana bahari. Nilisimama dirishani nikaona ukuta wa jirani na kanzu tatu zimeanikwa. Nikamuuliza dalali.

"Kuna bahari, Maalim," akasema, mkono ukizungushwa kuelekea Malindi na kwingineko. "Panda kiti."

Nikapanda. Ilikuwapo, upana wa leso iliyokunjwa. Nilipotoka nikamsalimu mzee aliyekaa barazani, nikamdodosa habari za ile fleti ya juu. Akacheka. "Masika," akasema, "mna bahari humo."

Yanayofuatia hayo ni ya ngeli ya U. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua: maji huingia, maji hutoka. Zikipigwa plasta ya saruji, kama ilivyopigwa fleti hii ili ionekane mpya, maji hunaswa ndani na rangi hubanduka magamba-magamba. Mpangaji huuita unyevu, dalali huuita ukale. Kisarufi wote wako sawa.

Imebaki KI-VI, ngeli ya vitu, ambayo ndiyo anayoilipia mpangaji. Tuanze na kitanda. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mita tatu hivi. Humo kikasukumwa kitanda cha samadari cha futi sita kwa sita, na kabati la vioo likafuata. Binamu yangu, aliyeichukua fleti hivyo hivyo, alikuwa akienda chooni ubavu-ubavu, kama kaa.

Vingine ni vya mapambo. Kinu kimetiwa maua makavu. Ungo umegeuzwa taa. Juu ya sofa imetundikwa mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mwanafunzi asiichanganye na mbuzi wa A-WA, ijapokuwa wote wawili hawana kazi sebuleni. Jioni ya pili binamu yangu, mzaliwa wa Kiponda, akatamani wali wa nazi. Tulifungua makabati yote ya jikoni tukakuta mashine ya kahawa ya Kiitaliano na glasi za mvinyo kumi na mbili. Mbuzi hamna. Tukaivua ile ya ukutani. Meno yake yalikuwa yamepakwa vanishi. Nikampigia dalali.

"Maalim, hiyo ni pambo," akasema. "Imo kwenye orodha ya vitu. Likipungua jino, tunakata kwenye amana."

Tukairudisha msumarini. Nazi mbili alizozileta shangazi zikabaki juu ya meza, nami nikashuka Darajani kununua tui la kopo. Lilikuwa limetengenezwa Thailand.