Makundi Manne ya Wanaojidanganya Kikaoni

Anayetaka kuchunguza namna binadamu anavyojidanganya hana haja ya maabara. Ahudhurie kikao cha harusi: viti vya plastiki, soda za moto na daftari la michango. Viumbe wetu wote hukusanyika hapo kwa hiari yao, na wote huchelewa. Uchunguzi wa kina umebaini makundi manne.

Kundi la kwanza: Mtazamaji Asiyeona. Alama yake ni macho makavu na shingo iliyonyooka. Mweka hazina anaposoma orodha, yeye anavizia jina la shemeji yake tu. Tangazo kwamba ukumbi umebadilishwa humpita hivihivi. Asihukumiwe haraka. Mwaka 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha jaribio ambalo watu walihesabu pasi za mpira kwenye video. Mtu aliyevaa vazi la gorila alikatiza katikati ya wachezaji, na karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Vikao vyetu havina gorila. Vina deni la mpishi.

Kundi la pili: Msemaji Bayana, kwa maoni yake. Hutambulika kwa mlio wake: "Si tumeelewana?" Mlio huo hufuata maagizo kama haya: "Ile hela mpe yule jamaa wa juzi, amalizie vile vitu." Wote huitikia, kisha kila mmoja huondoka na jamaa wake na vitu vyake. Huko Stanford, mwaka 1990, Elizabeth Newton aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa mdundo wa nyimbo zinazojulikana. Wagongaji walidhani wasikilizaji wangetambua nusu ya nyimbo. Kati ya 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa na wimbo mzima kichwani, mwenzake akawa na kelele za meza.

Kundi la tatu: Mbeba Harusi Peke Yake. Huonekana zaidi siku ya kuvunja kamati. Aliyeleta maturubai anasema bila yeye tungeaibika. Aliyepiga simu tatu anasema hivyohivyo, tena kwa uchungu zaidi. Michael Ross na Fiore Sicoly, mwaka 1979, waliwataka wanandoa wakadirie, kila mmoja kwa nafsi yake, sehemu yake katika shughuli za nyumbani. Kwa wengi, sehemu hizo mbili zikijumlishwa zilizidi kazi yenyewe. Si lazima awepo mwongo: jasho lako unalikumbuka, la mwenzako unasimuliwa.

Kundi la nne: Msomi Mwenye Kinga. Huyu amekwisha kumpanga mjomba katika kundi la kwanza, mwenyekiti la pili na wifi la tatu, ila yeye hana pa kukaa. Mwaka 2002, Emily Pronin na wenzake walionyesha kwamba watu huona upendeleo wa fikra zaidi kwa wengine kuliko kwao wenyewe. Hata waliosoma maelezo ya kasoro hiyo walishikilia kwamba wamejipima kwa haki. Ndilo kundi lenye wanachama wengi, na halijawahi kuitisha kikao.

Basi kujitazama peke yako hakutoshi. Hukumu yako inahitaji sikio la mwenzako. Ukishamwagiza mtu, usimuulize kama ameelewa. Mwombe arudie ulichosema, nawe umsikilize hadi mwisho bila kumkatiza.