Sifa za Ukinzani wa Umeme

Ukinzani ni tabia ya waya kuubania mkondo wa umeme njia. Elektroni zinapopita hukwazwa na mitetemo ya atomi pamoja na kasoro zilizomo ndani ya metali, na nishati inayopotea hapo hugeuka joto. Kwa sababu hiyo umepachikwa jina la mwizi. Basi ni mwizi mwaminifu kupita kiasi, kwani fungu lake hujulikana kabla hajalichukua: volteji ikigawanywa kwa mkondo, jibu ndilo hilo. Georg Ohm aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1827 na kwao Ujerumani wengi wakaipuuza. Heshima ilimjia mwaka 1841 kutoka Uingereza, alipotunukiwa nishani ya Copley.

Wanaoulaani ukinzani huvaa nguo zilizonyooshwa nao, kwa joto la pasi. Koili za majiko na heta nyingi ni za nikromu, aloi ya nikeli na kromi iliyochaguliwa kwa ukaidi wake, unaozidi ule wa shaba zaidi ya mara 50.

Katika vipimo ndimo fadhila zake zinamofurika. Waya wa platini wenye omu 100 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi hufikia omu 138.5 kwenye nyuzi 100, na tayari hiyo ni thamometa. Mkondo mkubwa mno kwa ameta hupitishwa kwenye kipande cha metali chenye ukinzani mdogo unaojulikana, kisha husomwa volteji ya ncha zake. Ila ukinzani hautaki dharau: katika kupima vitu vya omu chache, waya za kipimo nazo hujihesabisha. Ndiyo maana hutumika waya nne, mbili za kupeleka mkondo na mbili za kusoma volteji.

Hata siku ulipotoweka, aliyetoa habari ni kipimo chake chenyewe. Tarehe 8 Aprili 1911, mjini Leiden, Uholanzi, maabara ya mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes ilikuwa ikipima ukinzani wa zebaki iliyopozwa kwa heliamu. Karibu na kelvini 4.2 ulishuka ghafla hadi ukakosa kupimika, na kwanza ikadhaniwa kuna shoti. Onnes akatumaini kuunda sumaku zenye nguvu kwa waya za risasi, metali nyingine inayoupoteza ukinzani ikipozwa. Lakini uga wa sumaku usio mkubwa ukatosha kuurudisha ukinzani. Shaba, fedha na dhahabu, vipitishi hodari kuliko vyote, hazijawahi kuuacha katika hali ya kawaida, zipozwe vipi.

Tarehe 19 Septemba 2008, katika LHC, mashine ya kugonganisha chembe ya kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, ukinzani wa takriban nanoomu 220 ulijitokeza kwenye kiungo kimoja kati ya sumaku zilizopaswa kupitisha umeme bila kizuizi chochote. Kiungo kilipata joto, cheche ikatoboa tangi la heliamu, tani kadhaa zikavuja, na sumaku 53 zikalazimika kutolewa handakini. Mashine iliporudi kazini Novemba 2009, ilikuwa imefungiwa mfumo mpya wa kufuatilia ukinzani wa viungo hivyo.