Takalifu za Gari Jeusi

Katika mwaka 1914 Henry Ford wa Marekani, ambaye kiwanda chake kilikuwa kikitoa magari ya Model T kwa wingi ambao ulimwengu ulikuwa haujapata kuuona, aliwaondolea wanunuzi wake taabu ya kuchagua rangi kwa kuamua kwamba kila gari litokalo mlangoni kwake litakuwa jeusi, na uamuzi huo ukadumu hadi 1925. Wenye elimu ya biashara huusifu, kwa kuwa rangi moja hupunguza gharama na kuharakisha kazi. Mimi, ambaye biashara siijui na gari nililo nalo ni moja, tena lililokwisha kuwatumikia watu wengine kabla yangu, kila niikumbukapo habari hiyo mawazo yangu huwaendea wale mamilioni walioendesha weusi huo katika barabara za vumbi za zama zile, nikatamani kujua walikuwa wakilala saa ngapi.

Gari jeusi lina adhama, na sitaki msomaji adhani kwamba nailalamikia adhama hiyo. Langu lilipokwisha kushushwa melini, likitokea Japani, na kuingia mtaani kwetu Tanga kwa mara ya kwanza, muuza kahawa aliinuka kitini, askari wa barabarani alinyoosha mgongo, na wauza samaki waliokuwa wamepanga biashara yao mahali pasiporuhusiwa walikusanya mapakacha yao kwa haraka ambayo ilinisikitisha na, kusema kweli, ikanipendeza kidogo. Gari jeupe halina uwezo huo. Gari jeupe ni teksi. Lakini weusi huo huo uletao taadhima una tabia moja ya karaha, nayo ni kutokujua kuficha. Vumbi la asubuhi, chumvi iletwayo na kusi kutoka baharini, alama ya kila tone la maji ya kisima (na visima vyetu, kwa kuwa vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, hutoa maji yenye chokaa nyingi), vyote huandikwa juu ya gari jeusi kwa hati nyeupe isomekayo hata na mpita njia asiye na miwani.

Na kuandikwa huko si istiara tu. Wako watoto mtaani kwetu, wenye siha njema na raghba kubwa ya elimu, ambao hawawezi kupita kando ya gari lenye vumbi bila kuliwekea kidole na kuandika NIOSHE. Desturi hii imeenea nchi nzima, na mwenye gari jeupe hulifuta neno hilo kwa tambara akalisahau. Juu ya weusi mambo ni mengine. Vumbi letu aghalabu ni mchanga mwembamba, na mchanga ukisukumwa na kidole juu ya rangi hukwaruza. Basi nilipolipeleka gari kwa vijana waoshao magari karibu na kituo cha mabasi, wakalisugua kwa sabuni ya unga na kwa tambara lile lile lililotoka kwenye magurudumu, wakamalizia kwa kulipaka dizeli ili ling'ae, na likang'aa kweli, uchafu wote ulitoka ila neno. Jua la adhuhuri lilipopiga ubavuni, NIOSHE ilisomeka vizuri zaidi kuliko kwanza, kwa mwandiko safi wa darasa la nne. Nikawa mtu pekee katika mji wa Tanga aendeshaye gari safi liombalo kuoshwa, na kila nilipoegesha, mtu mwema alijitokeza na ndoo.

Fundi wa rangi niliyemwendea, mzee mpole aliyekuwa na mazoea ya kuwapa wateja habari mbaya, alilizunguka gari kimya, kisha akaniita nisogee. Alinionyesha kwamba, mbali na lile neno, rangi yote ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba iliyolizunguka jua duara ndani ya duara, mfano wa utando wa buibui. Nikamwuliza ni mkono gani uliokuwa na subira ya kukwaruza kwa duara namna ile. "La, bwana," akasema, "mikwaruzo imeelekea kila upande, jicho lako huona ile tu iliyoukingama mwanga. Hama uone, na duara litahama nawe." Nikahama, nalo likahama, na tangu siku ile limekuwa likinifuata.

Akanieleza kwamba rangi ya gari la siku hizi, ukiihesabu yote, unene wake hauzidi sana sehemu ya kumi ya milimita: chini kuna rangi ya msingi, juu yake ndio weusi wenyewe, na juu kabisa kuna tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo lenye mng'ao na ndilo lililokwaruzwa, na unene wake ni kama sehemu ya ishirini tu ya milimita. Kuuondoa mkwaruzo maana yake ni kulisaga tabaka hilo mpaka lilingane na kina cha jeraha. "Neno lako nitalifuta," akasema, "lakini likiandikwa tena, na tena, siku moja itanibidi nilifute gari." Akaninasihi nitafute kinga kabla watoto hawajapanda darasa na kuanza kuandika insha.

Hapo ndipo nilipoingia katika mjadala ambao nimeushuhudia ukivunja ushirika wa baraza za kahawa zilizostahimili uchaguzi mkuu: nta au silanti? Nta iliyo bora huitwa karnauba, nayo hutoka katika mti wa ukoo wa mivumo na minazi uotao kaskazini mashariki mwa Brazili. Mti huo, kwa kuwa huishi katika nchi ya kiangazi kirefu, huyapaka majani yake nta ili jua lisimalize maji yake. Wenyeji huyakata majani, huyaanika, huyapigapiga, na unga uangukao ndio nta yenyewe, ambayo hupakwa magari, na kadhalika vidonge, peremende na matunda ya kupelekwa ng'ambo. Silanti haina nasaba hiyo. Imezaliwa maabara, nayo ni polima iliyotungwa na wakemia ili ishikamane na rangi na isiachie upesi. Nta hudumu majuma machache, au miezi miwili ikijitahidi. Silanti hudumu miezi minne, hata sita. Nta huupa weusi kina, hata mtazamaji akahisi kwamba aweza kuzamisha mkono. Silanti huupa mng'ao mkali wa kioo, ambao mahasidi wake husema hauna moyo. Hakuna hata moja izuiayo msumari, na yeyote akuambiaye vinginevyo ana chupa za kuuza. Kazi yao ni kutangulia kufa, ili chumvi, jua na kinyesi cha ndege vimalize njaa yao kabla ya kuifikia rangi.

Mwenye duka la vipuri, mtu mwadilifu asiyependa kumwona mteja akiondoka na kitu kimoja, alishauri nichukue zote mbili: silanti itangulie, ikauke, kisha nta ipakwe juu yake, wala si kinyume chake, kwa kuwa silanti hutaka kuishika rangi tupu na ikikuta nta haipati mahali pa kushika. Mtani wangu, mzee wa Kinyamwezi aliyestaafu kazi ya reli, aliposikia bei ya chupa hizo alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Tabora, alisema, imekuwa ikiuza nta ya nyuki ng'ambo tangu enzi za babu zake, na ni idhilali iliyoje kwa mtu mzima kulipia nta ya majani ya Wabrazili! Akaniletea bonge la nta lenye harufu ya asali, na kwa heshima ya utani tukalijaribu juu ya kifuniko cha buti. Tatizo ni kwamba nta ya nyuki huyeyuka katika joto la digrii 63 hivi, hali karnauba husubiri hadi 80 na ushei, na bati jeusi lililoanikwa juani Tanga tangu asubuhi haliko mbali na joto la kwanza. Kufika alasiri kifuniko kilikuwa kinanata, kimejikusanyia vumbi, manyoya ya kuku, na nyuki wawili watatu waliokuja kuulizia mali yao. Mtani alisema nta haina lawama. Lawama ni ya jua la pwani, ambalo halikulelewa vizuri.

Nikaanza, basi, na karnauba peke yake, nikitaka kuijua tabia yake kabla ya kuioza kwa mwenzake. Niliipaka alfajiri chini ya mwembe, bati lingali baridi, tabaka jembamba, nikaiacha ifanye ukungu, nikaifuta kwa kitambaa laini. Ndani ya mlango niliuona mwembe wote na matawi yake, nikaiona nyumba ya jirani, nikamwona na mke wangu amesimama nyuma yangu akiniuliza ni lini mapenzi haya ya kupaka yatafika jikoni. Mabinti wapitao waliinama kidogo kurekebisha mitandio yao. Ilikuwa fakhari isiyo na doa, na ilidumu mpaka alipoamka jogoo wa jirani.

Jogoo huyo alitazama ndani ya mlango wa kushoto akamwona jogoo mwingine, wa kimo chake, mwenye kiburi, aliyejibu kila tishio kwa tishio na asiyerudi nyuma hata hatua moja. Walipigana mpaka jua likapanda. Alasiri alirudi kwa mlango wa kulia, akiwa na yakini kwamba adui amekimbilia huko. Hali ikawa hivyo siku baada ya siku: kadiri nilivyozidi kuikinga rangi ndivyo ilivyozidi kung'aa, na kadiri ilivyong'aa ndivyo ilivyochokozwa. Mwenye jogoo, jirani mwenye jamala nyingi, alikuja kuniomba radhi. Kisha, alipokwisha kunywa chai, akaniuliza kwa upole kama nisingeweza kulipunguza gari makali, maana ndege wake hali tena na amekonda.

Fauka ya jogoo, wapo kunguru. Kunguru hawa wa Kihindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wasaidie kuondoa taka za mji, na sijui kiumbe mwingine aliyepewa kazi ya usafi akaielewa vibaya kiasi hicho. Mwembe wangu ni baraza lao. Kinyesi chao kikikaa juu ya rangi yenye joto huacha kovu, na maadamu nta ilikuwa hai niliweza kukifuta bila athari; lakini jua letu huila nta upesi, na kunguru hawangoji iongezwe. Mke wangu alinikumbusha ile chupa ya pili iliyokaa kabatini, idumuyo miezi sita, akitaraji kwa siri kwamba baada yake nitapata nafasi ya kutazama kuta za jikoni.

Niliosha mabaki ya nta kwa sabuni ya vyombo, nikalikausha gari, nikaipaka silanti asubuhi moja ya Jumamosi. Kibandiko cha chupa kilisisitiza kwamba gari lisipate maji kwa saa 24. Agizo hilo halikunitia hofu: vuli ilikuwa imekawia mno, visima vilikuwa vikitoa matope, na mbinguni hapakuwa na wingu la ukubwa wa leso. Nilikuwa nikiufuta mlango wa mwisho nilipowaona majirani wakipita na kanzu safi, wazee kwa vijana, wakielekea uwanjani. Imamu, kumbe, alikuwa ametangaza sala ya kuomba mvua siku iliyotangulia, nami nilikuwa safarini Korogwe. Sikuwa na udhuru. Nikanawa mikono, nikatia udhu, nikafuatana nao.

Imamu wetu ni msomi mwenye sauti ya kupenya, na siku ile aliomba kwa machozi mvua iliyo nyingi, yenye manufaa, isiyodhuru, isiyokawia. Nani athubutuye kuomba ukame kwa ajili ya boneti? Niliitikia amina pamoja na safu yangu, kwa moyo mkunjufu, katika wingi na katika manufaa. Ila tulipofika kwenye kutokawia niliitikia polepole kidogo, nikitumaini kwamba saa 24, katika hesabu za rehema, si kukawia.

Mvua ilishuka kabla ya alasiri. Watoto walivua mashati, akina mama walipiga vigelegele, mapipa yalikingwa chini ya kila paa, na watu ambao hawakusemezana tangu mgogoro wa mpaka wa shamba walikumbatiana njiani. Katika furaha hiyo ya mtaa mzima mimi peke yangu nilikuwa nikipambana na turubai, upepo ukilinyanyua upande huu kila nilipolifunga upande ule, hali mtani wangu amesimama barazani mahali pakavu, akinisihi nisikufuru neema. Silanti, ambayo ilikuwa haijakauka, iliganda pamoja na matone, na asubuhi gari lilitokea jeusi lenye madoa meupe kutoka boneti hadi buti. Watoto walilitazama, wakashauriana, wakalipa jina la ndege Kanga, na fundi alipoliona hakuuliza neno, akavua saa yake na kukunja mikono ya shati.

Wanaoniuliza siku hizi huwaambia kwamba silanti ni bora kwa mtu mwenye banda la kulaza gari na imamu asiye na sauti. Mimi nimerudia nta. Haidumu, na hilo ndilo nililolipenda kwake, kwa kuwa hunipa haki ya kukaa chini ya mwembe kila baada ya majuma machache, kitambaa mkononi, nikipokea nasaha za wapita njia ambazo sikuziomba; na milango, baada ya kufutwa, huivalisha mashuka makuukuu ili jogoo apate kula.

Mwaka uliofuata vuli ilikawia tena. Jioni moja walinijia wazee watatu wa mtaa, msemaji wao akiwa yule yule mtani wangu. Niliwaamkia, wakaketi, wakaletewa kahawa, wakaulizia hali ya watoto, wakaisikitikia migomba. Mtani akakohoa.

"Mtani, ile dawa yako ya gari, haikubaki hata kidogo?"

Nikamwambia kwamba imebaki ya kutosha boneti tu. Wazee wakatazamana.

"Ya boneti si haba," akasema aliye mkubwa wao, akirudisha kikombe. "Tukipata hata manyunyu tutashukuru."