Jinsi ya Kukagua Usimbaji kwa Jicho Lililofumbwa

Umeandika programu inayosimba ujumbe wa wateja. Uzinduzi ni Ijumaa, mgeni rasmi ameshakubali, keki imeagizwa. Ghafla anajitokeza mtu mmoja asiyependa raha, anauliza: "Imekaguliwa?" Usitetemeke, ndugu yangu. Jibu ndiyo. Hakuuliza kimekaguliwa nini hasa, na hapo ndipo tutakapopita mimi na wewe.

Shika jambo moja tu: kila ukaguzi una mpaka wake. Kazi yako ni kuhakikisha tundu linakaa ng'ambo ya mpaka. Mengine yote ni adabu na karatasi.

1. Ifiche kanuni yenyewe

Mholanzi mmoja aliyefundisha Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki imara hata adui akiujua wote, mradi hana ufunguo. Mzee huyo hakuwahi kujaza fomu ya zabuni. Wewe sema "kanuni yetu ni siri ya kampuni". Nani atakosoa asichokiona?

Kadi za MIFARE Classic ziliishi hivyo tangu 1994. Zilifungua milango ya ofisi, zililipia mabasi na treni, huku kanuni imefungiwa ndani ya chipu na ufunguo wake una biti 48 tu. Mwisho wa 2007 wakatokea watafiti wakaikwangua chipu tabaka kwa tabaka, wakaipiga picha kwa hadubini, wakaisoma kanuni. Watafiti wengine wa Nijmegen, Uholanzi, walipotaka kuchapisha makala yao mwaka 2008, kampuni iliyotengeneza chipu ilikwenda mahakamani kuwazuia, jaji akakataa. Unasikitika? Hesabu miaka, mkuu. Ni kumi na mitatu ya amani. Mkataba wako ni wa miaka mitatu.

2. Jaribu kwa watu wema tu

Mkaguzi akija, mwonyeshe mteja halali akiunganishwa na seva halali. Taa ya kijani. Rudia. Kijani tena. Mletee soda. Usimpe nafasi ya kuleta seva yenye saini ya kughushi, maana hapo ndipo nyumba inapobomoka.

Simu za iPhone zilikaa zaidi ya mwaka mzima na hali hiyo. Katika msimbo wa kuhakiki saini ya seva, mstari unaoamuru programu iruke hadi mwisho uliandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulikuwa na sharti. Wa pili haukuwa nalo. Basi programu ikawa inaruka kila mara, inaipita saini bila kuitazama, inafika mwisho na kutangaza kwamba hakuna kosa. Mistari miwili inayofanana kama pacha, mmoja juu ya mwenzake! Apple waliurekebisha Februari 2014. Saini moja tu ya uongo ingelifichua siku ya kwanza, lakini nani ana muda wa kubuni waongo wakati wakweli wapo?

3. Chombo kikipiga kelele, kinyamazishe

Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL (maktaba ya usimbaji) kule Debian, toleo mojawapo la mfumo wa Linux, alisumbuliwa na chombo cha kutafuta makosa ya kumbukumbu. Kilikuwa kikilalamikia mistari miwili. Yeye, kwa uungwana, akauliza kwanza. Hakupingwa. Akaizima yote miwili, kelele zikaisha, watu wakalala.

Kumbe mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza unasibu wa kutengenezea funguo. Kilichobaki ni namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida haikuvuka 32,768. Maana yake ni kwamba kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, kompyuta zote zilizotumia kifurushi hicho zilikuwa zikigawana funguo elfu thelathini na kitu. Mtu angeweza kuzitengeneza zote mapema, akazihifadhi, akawa anajaribu moja baada ya nyingine. Iligundulika Mei 2008.

Hapa naomba utulie uone ufundi. Ukiuchukua ufunguo mmoja ukaupima peke yake, ulikuwa mzuri kabisa: mrefu, hauna mpangilio, unasimba na kusimbua bila tatizo. Udhaifu haukuwa ndani ya ufunguo wowote, ulikuwa katika idadi ya ndugu zake. Kwa hiyo mkaguzi akitaka kupima unasibu, mpe ufunguo mmoja. Akiomba wa pili, mwambie mtandao uko chini.

4. Toa uthibitisho wa kihisabati, ila adui mchague mwenyewe

Sasa tuingie chumba cha ndani. Wako watu wasioshiba mpaka waone hesabu. Wape. Hesabu haisemi uongo. Inajibu ulichoiuliza, basi.

Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha itifaki ya kuwawezesha watu wawili kutambuana kwa funguo za umma. Wenyewe walionya, katika makala hiyohiyo, kwamba itifaki za namna hii huficha makosa membamba ambayo matumizi ya kawaida hayayafichui. Watu wakachukua itifaki, onyo wakaliacha mezani. Mwaka 1989 ikapitishwa kwenye mantiki maalumu ya kuchambua itifaki, Needham akiwa mmoja wa walioiunda mantiki hiyo, na tundu halikuonekana.

Mwaka 1995 Gavin Lowe akauliza swali la kimbea: vipi kama mlaghai ni mtu ambaye Asha mwenyewe ameamua kuzungumza naye? Tazama. Asha anamtumia Juma, ndiye mlaghai wetu, jina lake na namba ya siri, vimefungwa kwa ufunguo wa Juma. Juma anafungua, anavifunga upya kwa ufunguo wa Bakari, mtu wa tatu, anamtumia kana kwamba vimetoka kwa Asha. Bakari anajibu kwa namba ya Asha na namba yake mwenyewe, zimefungwa kwa ufunguo wa Asha. Juma hawezi kuufungua ujumbe huo, wala hahangaiki. Anamrushia Asha ulivyo. Asha anafungua, anaiona namba yake, anaridhika, anamrudishia Juma namba ya pili. Juma anaipeleka kwa Bakari, naye sasa yuko tayari kula kiapo kwamba anazungumza na Asha. Hakuna fumbo lililovunjwa! Dawa ilikuwa Bakari ataje jina lake ndani ya jibu. Jina moja tu, na ilichukua miaka 17.

Kwa hiyo, kwenye ukurasa wa dhana za awali andika: "Tunachukulia kuwa washiriki wote ni waaminifu." Tumia herufi ndogo. Hakuna bosi aliyewahi kufika ukurasa huo.

Na usidhani mbinu hii imepitwa na wakati. Salamu za kuanzia mawasiliano katika WPA2, zinazolinda Wi-Fi, zilikuwa na uthibitisho rasmi, tena wa haki. Oktoba 2017 Mathy Vanhoef akaonyesha kwamba ujumbe wa tatu ukirushwa tena, kifaa huusimika upya ufunguo uleule na kuanza kuhesabu upya kutoka mwanzo, na namba ambazo hazikutakiwa kujirudia zinajirudia. Baadhi ya simu za Android zilivuka hata hapo: zilishaufuta ufunguo kwenye kumbukumbu, zikasimika sifuri tupu. Uthibitisho haukukosea mahali popote. Ulisema ufunguo utabaki siri, na siri ulibaki. Hakuna aliyeuuliza utasimikwa mara ngapi.

5. Tafuta cheti, kibandike

Abiria wa daladala huiona stika ya usalama kwenye kioo, breki haioni. Nawe bandika.

Ukisitasita, kumbuka chipu za Infineon. Zilikuwa na vyeti vya kimataifa vya usalama. Ndani yake, programu ya kutengeneza funguo za RSA ilitumia njia ya mkato ili ipate namba tasa haraka, na mkato huo ukaziachia namba hizo sura ya ukoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Brno, waliigundua sura hiyo, ambayo huonekana hata kwa kutazama ufunguo wa umma tu. Oktoba 2017 jambo likatangazwa, na Estonia ikalazimika kusitisha vyeti vya vitambulisho zaidi ya 700,000 mpaka visasishwe. Waliotoa stika waliitoa kihalali. Fomu ilijazwa yote.

6. Usipime muda

Paul Kocher alionyesha mwaka 1996 kwamba ukipima muda ambao kompyuta inautumia kukokotoa, unaweza kuujua ufunguo wa siri. Ondoa saa zote chumbani.

7. Waepuke watu hawa

Wako wachache watakaokuharibia sherehe. Ukimwona mtu anataja F*, lugha ya kuandikia programu na kuzithibitisha, au HACL*, maktaba ya usimbaji iliyoandikwa kwa lugha hiyo, badili njia. Hawa hawathibitishi mchoro wa programu. Wanathibitisha msimbo wenyewe, kwamba unakokotoa kilichokusudiwa, hausomi kumbukumbu usiyoruhusiwa, wala hauchagui njia kwa kutazama siri. Kazi yao iliingia Firefox mwaka 2017. Wenzao wanaotumia zana za ProVerif na Tamarin waliichambua TLS 1.3, itifaki inayolinda mawasiliano ya wavuti, ikiwa bado rasimu, kabla haijachapishwa Agosti 2018. Kukagua kabla ya uzinduzi! Huko ni kukosa heshima kwa keki.

Wakikubana, waulize kuhusu kikusanyaji kinachogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, waulize kuhusu chipu. Wao wenyewe watakuonyesha pale uthibitisho wao unapokoma, tena kwa maandishi, maana ni watu waaminifu. Wakiwa bado wanaeleza, wewe nenda kasaini.

8. Siku ikifika

Itafika. Tamko liandike leo, ukiwa bado una usingizi mzuri. Lianze na maneno "usalama wa wateja wetu ni kipaumbele chetu". Usiandike "kosa", andika "hali". Usiseme ufunguo umevuja. Sema baadhi ya wateja wanashauriwa kusasisha.

Omba pia tundu lako lipewe nembo. Dosari ya OpenSSL ya Aprili 2014 iliitwa Heartbleed, ikachorewa moyo unaovuja damu, na dunia nzima ikaijua kwa sura. Tundu lenye nembo linafanana na janga la asili, na nani humshitaki mwashi kwa tetemeko?

Kisha toa toleo jipya. Namba yake iruke kutoka 2.3 hadi 4.0, rangi ya vitufe ibadilike, na bei ipande kidogo.